Nukta Tatu za Umeme

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Salamu ndefu nitakupa siku tukionana, leo nina jambo zito, na dereva wa lori lenu la chakula ameshaniambia hangojei mtu.

Ile sauti ya mama kukwaruza, ambayo wewe ulisema ni vumbi la stendi na mimi nikasema ni kushinda anapiga kelele za kutangaza mabasi kwenye kipaza sauti, si vumbi wala si kelele. Ni kansa. Iko kooni, pale penyewe sauti inapotokea. Daktari alituchorea kwenye karatasi, akazungushia duara, akasema hiki chote kinatoka. Mama akauliza, "Na sauti?" Daktari akaitazama kalamu yake. Mama akaelewa kabla yangu.

Daktari bingwa wa upasuaji huo hakai hospitali yetu. Anapita katikati ya Aprili, akiondoka kumpata tena ni majaliwa, na huyu wa hapa anasema ugonjwa hautamngoja.

Mama amekataa. Unamjua dada yako. "Mnikate koo nibaki natoa macho kama kuku? Stendi nzima wananijua kwa sauti, sura yangu hakuna anayeijua. Sauti ikienda, nimebaki nani?" Nimemlilia, nimemnunia, nimemletea jirani yetu muuguzi azungumze naye. Wapi! Jirani alirudi kwake ameshawishiwa yeye.

Ndipo nikatafuta njia nyingine. Kuna programu inayojifunza sauti ya mtu. Anaisomea sentensi nyingi, kompyuta inazisikiliza tena na tena mpaka inamweza, na baadaye ukiandika neno lolote inalisema kwa sauti yake. Nilimweleza. Alijifuta mikono kwa khanga, kisha akasema hivi, nakunukulia kama alivyosema: "Siku nitakayoisikia sauti yangu mimi ikitoka ndani ya hilo kabati lako, nitatia sahihi wanikate. Nisipoisikia, niacheni nife nayo."

Ameshasoma sentensi zote. Kazi iliyobaki ni ya kompyuta, na kompyuta yenyewe ni ile uliyoniundia kabla hujaenda mgodini, yenye prosesa uliyoiita ya wanyonge. Programu inaonyesha itamaliza mwishoni mwa Mei. Daktari bingwa atakuwa ameondoka zamani.

Nasikia prosesa inaweza kulazimishwa kwenda mbio kuliko ilivyotoka kiwandani. Ni kweli? Najua simu zenu zinafungiwa getini, kwa hiyo usiniambie nipige. Andika, na uandike kama unamwandikia mtu asiyejua kitu.

Mpwa wako


11 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea stoo, nyuma ya mabomba, maana sikutaka wenzangu wauone uso wangu. Kansa. Nimeliandika neno hilo hapa nione kama litaonekana dogo. Halionekani dogo.

Nimeomba ruhusa nije. Wamesema mkataba hauniruhusu kutoka mpaka Agosti. Mwambie dada hivyo, na umwambie kwa upole.

Sasa kazi. Ndiyo, inawezekana, sisi mafundi tunaita kuikimbiza prosesa. Ndani yake ni kama kuna mpiga ngoma: kila akipiga, hesabu moja inafanyika. Wewe unamwambia apige upesi zaidi. Kiwandani humpangia mwendo wa taratibu ili hata mashine ikiangukia kwa mzembe isimfie mikononi. Hiyo yako ni ya bei ya chini, na rahisi yavunja upishi, lakini niliichagua kwa sababu moja. Wenyewe hawakuifunga kufuli. Inakubali kukimbizwa.

Ikikimbia itataka umeme zaidi, na ikila umeme itatoa joto. Kwa hiyo toa kava la pembeni uliache wazi kabisa. Ile feni ya mezani ya mama yako ielekeze mle ndani. Ukiwasha, bonyeza kitufe cha kufuta mfululizo mpaka utokee ukurasa wa mipangilio, maandishi meupe. Utaona mwendo, 3.2. Chini yake utaona umeme, 1.20. Pandisha mwendo hatua moja, iache ifanye kazi. Skrini ikiganda au ikijizima yenyewe, maana yake ina njaa. Irudie, uiongezee umeme nukta moja, kisha jaribu tena mwendo. Usiwe na papara, na usizidishe nukta tatu. Umenisikia? Nukta tatu, basi. Ukipita hapo unapika, hukimbizi.

Ukiona inakuelemea, acha. Usiseme mjomba amesema. Ule msemo wa haraka na baraka nisikuandikie, nadhani unaujua, na hali tuliyo nayo haiuruhusu.

Umeniandikia dada alivyosema, hukuniandikia anavyoonekana. Anakula? Analala? Bado anawafokea wapiga debe?

Mjomba wako, ambaye huku wanamwita Fundi Waya (usicheke)


6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Imekubali!

Nilipandisha mwendo mara mbili ikaganda, kama ulivyosema. Nikaiongezea nukta moja, umeme sasa unasomeka 1.30, na tangu hapo inakimbia kama imetumwa na mkwe. Chumba changu kimekuwa na joto la wodi. Feni inavuma kutwa, mama anasema nimemwekea mashine ya kusaga mlangoni, na akitaka kulala mchana anakuja kuitukana kwanza.

Sasa sikia balaa. Programu ilikuwa haijamaliza, ila inakuruhusu kuonja njiani. Jana alasiri nikamwita mama, nikaandika: "Mwanangu, niletee maji." Mjomba, yaliyotoka! "Mwanangu. Niletee. Maji." Kila neno limesimama peke yake, na mwisho sauti imepanda juu kama vile hayo maji yanaondokea mlango wa pili na abiria wote wawe wameketi. Mama alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka ikatoka damu. Alipotulia akafuta mdomo, akaitazama kompyuta kama anavyomtazama mtu aliyekuja na tiketi ya jana. "Huyo si mimi," akasema. "Huyo ni kazi."

Nilijiona mjinga. Mtu aliyekaa na kipaza sauti maisha yake yote, ukimpa kipaza sauti ataongeaje? Sentensi zote alizisoma kistendi, hata ile ya "nakupenda" ambayo mimi niliiweka kwa ujanja wangu. Kompyuta haina kosa, imejifunza ilichofundishwa.

Kwa hiyo tumeanza upya. Safari hii kipaza sauti nimekificha jikoni nyuma ya mkebe wa chumvi, na ninamchokoza makusudi ili aniseme. Namwambia sufuria nimeosha kumbe sijaosha. Ananisema vizuri sana, mpaka raha. Ila sauti inapungua, Mjomba. Maneno mengine yanaanza vizuri na yanaishia hewa tupu, naye anajifanya ndivyo alivyokusudia.

Muda umekwenda na programu imerudi mwanzo. Kwa mwendo huu haitawahi. Ulisema nukta tatu, nimetumia moja, zimebaki mbili. Nikishampa dereva barua hii narudi kuziongeza zote.

Uliniuliza anavyoonekana. Amepungua. Pete ameivua kwa sababu inaanguka kwenye maji ya vyombo. Anakula vya majimaji tu, analala ameketi na mito mgongoni. Wapiga debe hawafokei tena, amepewa likizo ya ugonjwa, na stendi wamemweka kijana anayetangaza kama anaomba radhi. Juzi aliniuliza kama unakuja. Nikamwambia Agosti. Aliendelea kukunja nguo.

Mpwa wako


14 Machi

Kasuku,

Zima. Weka barua hii chini, nenda ukaizime, kisha urudi usome.

Umezima? Nukta niliyoisema mimi siyo hiyo. Huku kazini nukta ni hatua ndogo kuliko zote, tarakimu ya mwisho kabisa: 1.20 inakuwa 1.21. Wewe umeihesabu palepale baada ya alama ya nukta, ukaifanya 1.30. Ulichokiita nukta moja ni nukta kumi. Ukiongeza hizo mbili zako utafika 1.50, na bodi niliyokufungia, ile sahani inayoibeba prosesa, ni dhaifu kuliko hata hiyo prosesa. Haitastahimili. Itaungua.

Ningeandika tarakimu zenyewe mambo yangekuwa mepesi. Nimekaa na mafundi mpaka nimesahau watu wengine wanavyosoma.

Nimekwenda ofisini kuomba simu nikupigie. Karani akaniuliza, "Kuna aliyekufa?" Nikasema bado. Akasema basi andika. Mvua imevunja daraja, lori limekwama ng'ambo, na barua hii sijui itavuka lini. Naiandika hivyo hivyo, maana kukaa bila kufanya kitu siwezi.

Rudisha umeme 1.23, mwendo ushushe. Bora ichelewe kuliko ife. Najua nikisema ichelewe ninasema nini.

Mjomba wako


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika, ilichelewa kwa ajili ya daraja. Usiwe na wasiwasi, mambo yamekwenda salama. Mama ameisikia sauti yake jana alasiri. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaomba kalamu, akatia sahihi. Upasuaji ni wiki ijayo.

Habari ya nukta nimeielewa. Kompyuta usiiwaze tena.

Sina mengi. Koo linanikauka siku hizi, labda ni vumbi. Tuombee.

Mpwa wako


17 Aprili

Kasuku! Kasuku wangu!

Nimesoma barua yako nikapiga yowe karakana nzima ikazima mashine, wakidhani nimekatwa kidole. Ametia sahihi! Dada yangu, ambaye hata daftari la wageni kwenye arusi yake mwenyewe aligoma kulitia sahihi!

Na ile bodi kumbe imestahimili? Nimewasimulia mafundi wa hapa. Mmoja, mzee wa mitambo mikubwa, amekataa katakata. Anasema umeme wa namna ile kwenye bodi ya namna ile haiwezekani, labda mtoto amesoma vibaya. Nikamwambia mpwa wangu hasomi vibaya isipokuwa mimi nimeandika vibaya. Tumecheka. Nilikuwa sijacheka tangu Februari.

Leo huenda yuko mezani kwa daktari. Nina ombi moja. Itie sauti yake kwenye kadi ya memori, umpe dereva aniletee. Karakana kuna redio inayosoma kadi. Iandikie iseme chochote, iniite Kichwa Maji kama zamani, initukane ikitaka. Tangu waichukue simu yangu pale getini sijamsikia dada yangu, na sasa hivi kuna jambo moja tu ninalolitaka duniani.

Mjomba wako


12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Kadi hutaipata. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa.

Mama yuko hai, naanza na hilo. Upasuaji ulichukua kutwa nzima, amekaa wodini, sasa yuko nyumbani. Ana tundu shingoni, limefunikwa kwa shashi, anapumulia hapo. Daktari anasema wamekitoa chote. Hilo ni kweli tupu, lisome mara mbili.

Uongo ni ile sauti. Haipo. Siku niliyompa dereva ile barua ya Machi nilirudi nikaweka 1.50. Ilikimbia, wallahi ilikimbia, nikaazima na feni ya jirani nikaielekezea. Kesho yake mchana niko jikoni namchokoza mama nikasikia harufu kama ya nywele zimeshika moto. Nilipofika skrini nyeusi, na kwenye bodi, pembeni mwa prosesa, pana doa jeusi limefura. Mama akauliza kutoka jikoni, "Nini kinanuka?" Nikamwambia kitambaa kimegusa jiko.

Diski haikuungua. Maneno yake yote ya jikoni yapo, ugomvi wote upo. Lakini programu ilikuwa haijafika popote, na bodi ya namna ile madukani waliniambia haitengenezwi tena. Kompyuta za pale kazini kwetu, ninapochapia na kurudufu karatasi za watu, zinahema hata kwa kufungua ukurasa mmoja. Barua yako ya "zima" ilinikuta nimekaa nalitazama lile doa.

Kisha daktari bingwa akaingia mjini. Mama akaniuliza kwa kunong'ona, maana kilichobaki kilikuwa mnong'ono, "Sauti yangu iko wapi?"

Mjomba, wewe ndiye uliyeniita Kasuku. Nilikuwa nawaiga wote, mwalimu mkuu, mleta maji, wewe ukiwa umelewa. Mama sikuwahi kumwiga, nilimwogopa. Siku ile nilijifungia chooni pale kazini, nikajirekodi kwenye simu. Nilirudia mpaka koo likawaka, wateja wanagonga mlango. Nyumbani nikaifunga simu nyuma ya kompyuta, nikawasha feni zote mbili zivume, nikamwita mama akae mbele, skrini nimeigeuzia upande wangu, nikajifanya naandika. Ikasema: "Ni mimi. Nina njaa. Tafadhali fungeni mlango, mbu wanaingia. Mwanangu, nimekubali."

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mimi sikuweza kumtazama. Akaomba kalamu.

Unaona nilichofanya? Alisema wamwache afe na sauti yake, nami nikamdanganya ikakatwa. Sasa anaishi bila sauti na bila ile niliyomwahidi. Nimemwambia kompyuta iko kwa fundi. Anatikisa kichwa. Kila asubuhi nangoja aniulize imefika wapi, na haulizi, na kule kutouliza kunanimaliza.

Mbele yake siwezi tena kuongea. Nikifungua kinywa naisikia ile sauti niliyoigiza chooni. Kwa hiyo na mimi namwandikia vikaratasi, naye ananiandikia, tunapeana mezani kama watu wa benki. Nakuomba, tafuta prosesa, tafuta bodi, yoyote, hata ya kuokota. Nikiweza kumpa hata neno moja la kweli litoke mle ndani, labda nitapumua.

Mpwa wako


20 Mei

Kichwa Maji, mdogo wangu,

Sina sauti, nina kalamu, na vidole havijazoea kusema. Utanivumilia mwandiko.

Najua mtoto amekuandikia. Aliandika mezani amenigeuzia mgongo, mabega yanatikisika. Alichoandika nakijua pia, sihitaji kukisoma.

Nianze na wewe kwanza, kwa kuwa u mtu mzima na huna haya. Dereva wenu ana mdomo mrefu kuliko lori lake. Likizo ulipewa tangu mwezi wa pili, ukasema wampe mwenzako. Ati mkataba, ati Agosti. Uliogopa kuniona. Sikulaumu sana, mimi mwenyewe kioo nimekigeuza kitazame ukuta. Lakini usinitumie uongo wa kitoto kupitia kwa mtoto.

Sasa lake. Niliposema nitatia sahihi siku nitakayosikia sauti yangu kwenye lile kabati, nilikuwa nakataa. Kumwambia mwanao "niache nife" ni maneno mazito mdomoni, nikatafuta mengine mepesi. Kompyuta yenu naijua ni ya bei ya chini, wewe mwenyewe ulinisimulia ulivyoipata. Nikajua haitawahi. Daktari atakuja, ataondoka, nami nitabaki na changu mpaka kiishe chenyewe, na mtoto ataona ni bahati mbaya, hataona ni mimi. Kipaza sauti cha nyuma ya mkebe nilikiona siku ile ile alipokiweka. Niliendelea kumfokea kwa sababu nilikuwa nafaidi. Nilijua tunagombana mara za mwisho.

Ile harufu ilipotoka nilijua imekufa. Kitambaa gani kinanuka waya? Nitakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu: nilishukuru. Nilikaa jikoni nikasema moyoni, yamekwisha, hakuna wa kunidai sahihi.

Halafu akaja kunikalisha mbele ya lile kabati. Mafeni yanavuma, yeye kidole kwenye kibodi kinacheza tu, hakibonyezi. Ikaanza kusema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sauti yake pia. Neno la kwanza tu nilimjua. Na katika nyumba hii sijawahi kusema "tafadhali" tangu nihamie. Hapo alinikosa. Pengine pote alinipata: ninavyovuta pumzi kabla ya kulaumu, ninavyoibana ile "mbu" kama nimemkanyaga mtu. Sikujua kama alikuwa ananisikiliza namna hiyo miaka yote, nilidhani naongea na ukuta.

Nikafikiri amekaa mahali peke yake, amejifanya mimi, ili aseme "nimekubali" kwa kuwa mimi mwenyewe nimekataa kulisema. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ndipo nikaomba kalamu. Kwa hiyo hajanidanganya mtu. Nilitia sahihi nikiwa naona na kusikia kila kitu.

Maisha haya si mazuri, sitakudanganya. Napumua kwa tundu, kikohozi kinatokea shingoni, nikiona basi linaondoka mdomo wangu unafunguka wenyewe na hakuna kinachotoka. Kuna siku najuta. Lakini hilo nitalibeba, nimelichagua.

Nisichoweza kubeba ni hiki. Mtoto haongei. Yule aliyekuwa anaongea hata akiwa na mswaki mdomoni. Anatembea kwa vidole, ananiandikia "chakula tayari" kwenye karatasi na kukaa pembeni ananitazama nikisoma. Masikio yangu hawakuyakata. Nyumba nzima inasikika saa ya ukutani na bomba la jirani, basi. Mimi nilitia sahihi iondolewe sauti moja. Mbona zimeondoka mbili?

Usituletee bodi wala prosesa, sitaki kabati linisemee. Njoo mwenyewe, kama miguu unayo bado.

Bahasha hii siifungi. Anayezipeleka barua kwa dereva ni yeye, na tangu utoto hajawahi kushika karatasi yenye mwandiko akaiacha ipite.

Basi wewe unayesoma barua isiyo yako, ambaye sasa hivi umesimama pale kibarazani, najua. Sijakasirika, sikuwahi. Niko chumbani nimekaa. Ingia uniambie kitu. Kama huna cha kuniambia, nigombeze.

Mama yako